Damu ya Kulinganishia

Siku ya kwanza ya muhula sianzi na sindano. Naanza na pamba. Wanafunzi wanaosomea kazi ya maabara ya mifugo huja na hamu ya kuchoma, nami humpa kila mmoja donge la pamba na kumwambia alibonyeze kwenye mkono wa jirani yake mpaka nitakaposema basi. Mwanzo wanacheka. Kisha vidole vinawauma. Ndipo wanapoelewa kwamba kutoa damu ni kazi ya mara moja, lakini kuizuia kunataka subira.

Mbinu hiyo si yangu, ni ya mke wangu. Yeye ndiye aliyefundisha damu katika chuo chetu. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nikifundisha minyoo na kupe. Alipofariki, mkuu wa chuo aliniomba nishike darasa lake mpaka apatikane mwalimu mwingine. Hakupatikana. Nikabaki pale, mbele ya meza zake, na miongoni mwa wanafunzi alikuwamo binti yetu wa pekee. Wenzake walimwita Mtoto wa Maabara, kwa sababu alijua kurekebisha hadubini kabla hajajua kuendesha baiskeli.

Mke wangu alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine. Kila asubuhi, kabla mnyama yeyote hajaguswa, alikaa kwenye kiti cha dirishani, akajifunga mpira mkononi kwa meno, akatoa damu yake mwenyewe na kujaza tyubu moja ndogo yenye kifuniko cha zambarau. Hiyo ndiyo iliyokuwa damu ya kulinganishia. Ukipima damu ya mbwa ukapata jibu la ajabu, unapima na ile ambayo jibu lake unalijua. Ikiwa nayo imekwenda kombo, kasoro ni ya mashine au ya mikono yako. Ikiwa iko sawa, mbwa anaumwa kweli.

“Mnyama hasemi,” alikuwa akiwaambia. “Kwa hiyo mpeni shahidi.”

Ndivyo alivyoujua ugonjwa wake. Asubuhi moja shahidi mwenyewe alikwenda kombo, na mashine ilikuwa nzima.

Baada yake chuo kilianza kununua damu ya kulinganishia iliyotengenezwa kiwandani. Muhula mmoja ilikwisha, na nyingine ikachelewa. Niliingia darasani mikono mitupu.

“Mwalimu, leo tunalinganisha na nini?” aliuliza kijana mmoja ambaye darasa zima lilimwita Profesa kwa kupenda kwake kuuliza.

“Na akili zako.”

“Basi tumekwisha,” akasema msichana wa nyuma.

Wakacheka, nami nikacheka. Binti yangu hakucheka. Alikuwa anapanga slaidi, na bila kuinua kichwa alisema, “Mama angekuwa ameshatoa yake.”

Kesho yake asubuhi nilikuta tyubu moja kwenye kibao cha dirishani. Kifuniko cha zambarau. Ilikuwa imejazwa mpaka kwenye alama, si juu si chini, na ilikuwa imefutwa safi kwa nje. Niliichukua nikaigeuza taratibu, kama inavyotakiwa ili damu isigande. Ilikuwa ya moto. Nikafikiri ni jua, ingawa dirisha lile linatazama magharibi.

Nilidhani imeletwa na mtunza maabara, mzee tuliyemwita Bwana Funguo, maana ndiye aliyefungua mlango kila siku na ndiye aliyekuwa akimsaidia mke wangu tangu chuo kikiwa na vyumba viwili. Yeye, kama nilivyokuja kujua, alidhani nimeileta mimi. Wanafunzi walidhani ni mmoja wetu. Na hakuna aliyeuliza. Tangu ugonjwa wa mke wangu, pale kwetu ilikuwa kama kukosa adabu kumuuliza mtu: hii damu ni yako? Tuliitumia tu. Ilitufaa. Kila asubuhi ya somo ilikuwapo.

Somo lenyewe ni rahisi. Unajaza damu kwenye kijitubu cha kioo chembamba kama sindano ya kushonea, unaziba upande mmoja kwa udongo, unaweka kwenye mashine inayozunguka kwa kasi. Ikisimama, damu imejitenga: chembe nyekundu chini, maji ya manjano juu. Unapima sehemu nyekundu ni ngapi katika mia. Wiki ya kwanza darasa zima lilisoma karibu arobaini, jibu la mtu mwenye afya. Wiki iliyofuata walisoma thelathini na nne.

“Hamkuziba vizuri,” niliwaambia. “Zimevuja. Rudieni.”

Walirudia. Ilikuwa thelathini na nne.

Wiki nyingine ilishuka chini ya thelathini. Niliwakaripia. Nikasimama nyuma ya kila mmoja, nikatazama udongo, nikatazama mashine, nikawafanya wapime na damu ya mbuzi, ya ng’ombe, ya mbwa. Za wanyama zote zilikuwa sawasawa.

“Mwalimu,” alisema Profesa, “ulitufundisha kwamba mnyama akiwa sawa, lakini shahidi akaenda kombo, basi anayeumwa ni shahidi.”

“Kaa chini,” nilimwambia.

Tulikuwa na mbwa wa chuo, wa rangi ya udongo, aliyeitwa Mkurugenzi kwa kuwa hakuwa na kazi yoyote lakini hakukosa kikao. Alizoea kutolewa damu. Mke wangu alimlea tangu mdogo, akamfundisha kukaa mbele ya kiti na kunyoosha mguu. Kwangu hakufanya hivyo. Ilibidi tumshike watu wawili. Asubuhi moja nilifika mapema. Jua lilikuwa limeshapanda na mlango ulikuwa wazi, Bwana Funguo akifagia ukumbi. Mkurugenzi alikuwa ndani. Alikuwa ameketi mbele ya kiti cha dirishani, ametulia, masikio nyuma. Mguu wake wa mbele ulikuwa umenyooka hewani.

Nilisubiri auteremshe. Hakuuteremsha. Mbwa hawezi kukaa namna ile kwa muda mrefu, misuli haimruhusu. Aliketi kama mguu umeshikwa. Kisha ukashuka polepole, si kama unavyoanguka, bali kama unavyowekwa. Akanipita bila kunitazama, akatoka.

Nilimfuata nikampapasa. Manyoya juu ya mshipa yalikuwa yametenganishwa kwa mstari ulionyooka. Yalikuwa mabichi, na yalinuka spiriti.

Sikumwambia mtu. Mimi ni msomi wa minyoo. Nimezoea vitu visivyoonekana vyenye maelezo. Nilijiambia kwamba mfiwa huona mengi.

Wakati huo binti yangu alikuwa ameanza kuchoka. Alipanda ngazi za nyumbani akiwa ameshika ukuta. Niliona kucha zake zimepoteza rangi, nikamwambia ale vizuri. Akasema, “Baba, siku hizi unaongea kama Mama,” tukaishia hapo.

Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, alilala kwenye kochi la sebuleni. Redio ilikuwa ikisoma matokeo ya mpira. Nilikwenda kumfunika shuka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala nje, kiganja juu, na kwenye kiwiko, upande wa ndani, palikuwa na plasta.

Ilikuwa plasta ndogo juu ya kidonge cha pamba. Ncha yake moja ilikuwa imekunjwa kwa ndani, kidogo tu, ili mtu akitaka kuibandua apate pa kushika.

Katika maisha yangu nimemjua mtu mmoja tu aliyekunja plasta hivyo.

Nilikaa sakafuni. Sikutaka kuigusa. Niliigusa. Chini yake palikuwa na alama moja ya sindano, safi, bila uvimbe, bila wekundu wa kuvilia. Kazi ya mkono uliokomaa. Pembeni yake palikuwa na alama nyingine kuukuu, na nyingine, zikifuatana kando ya mshipa kwa mpangilio, maana mtoaji mzuri hachomi mahali pamoja mara mbili.

Midomo ya binti yangu ilisogea usingizini. Niliinama.

“Tulia,” alinong’ona. “Tumemaliza.”

Ndivyo mama yake alivyowaambia wanyama. Aliwaambia wamemaliza kabla hajaanza.

Nilimwamsha.

“Nani amekutoa damu?”

“Lini?” Aliutazama mkono wake mwenyewe kama anatazama wa mtu mwingine. “Baba, nani ameniwekea hii?”

“Nakuuliza wewe.”

“Sijui.” Akaufunika mkono kwa shuka. “Nilimwota Mama tu. Huwa namwota. Ananishika mkono, basi.”

Siku ya Jumatatu, wakati darasa linaendelea, alianguka. Profesa na wenzake walimbeba mpaka kwenye gari langu. Hospitalini daktari, mwanamke kijana mwenye sauti kavu, alimpima akaja na karatasi.

“Anatoka damu wapi?”

“Hatoki.”

“Damu haiendi likizo, mzee. Iko mahali. Amebaki na ishirini na moja.”

Asubuhi ile ile Profesa alikuwa amesoma tyubu ya dirishani, akaniambia ishirini na moja. Nilimrudisha mara tatu.

Daktari alinivuta kando, mbali na kitanda. “Sikufichi. Tunamwongezea damu leo. Lakini ikishuka tena namna hii, moyo wake hautahimili. Tafuta chanzo. Mimi nimetafuta sikukiona.”

Shemeji yangu, dada mkubwa wa marehemu, ndiye aliyelala naye wodini. Alifunga mlango wa chumba kile kwa ndani na akakaa kitini mkono wa binti yangu ukiwa mapajani mwake. Asubuhi nilipofika alisema hakusinzia hata kidogo, na nilimwamini, macho yake yalikuwa mekundu. Nilikuwa bado nimesimama mlangoni simu ilipolia. Alikuwa Bwana Funguo.

“Mwalimu, leo huji?”

“Niko hospitali. Kwa nini?”

“Nauliza tu. Maana tyubu ipo.”

Nilikitazama kitanda cha binti yangu.

“Ipo,” alirudia. “Tena leo ni nyekundu kuliko jana.”

Niliinua mkono wa shati la binti yangu. Shemeji yangu aliona nilichokiona. Plasta mpya, ncha imekunjwa. Akafunika mdomo kwa kanga.

“Shemeji,” alinong’ona, “sikuuachia huu mkono.”

Daktari alikuja kupima. Damu waliyomwongezea ilikuwa imeanza kupungua. Ilikuwa imekwenda ilikokwenda ile nyingine.

Niliendesha gari mpaka chuoni. Bwana Funguo alinisubiri mlangoni. Kwa mara ya kwanza tuliulizana.

“Ile tyubu huwa unaileta wewe?”

“Mimi? Mimi nilijua unaileta wewe, Mwalimu. Nikasema, mwalimu anamuenzi mkewe. Nikanyamaza.”

“Si mimi.”

Aligeuka akakitazama kibao cha dirishani. Kisha akatoa rundo la funguo zake, ambazo sijawahi kuziona nje ya kiuno chake, akaziweka mezani polepole, kama anaweka kitu kilicholala. Akatoka. Sikusikia hatua zake zikisimama mpaka getini.

Ilikuwa saa nne ya asubuhi. Wanafunzi walikuwa nje kwa mapumziko. Niliwasikia wakitaniana. Mtu aliimba vibaya, mwingine akamwambia anyamaze asije akaua mbuzi.

Nilifunga mlango.

Niliwaza kama mwalimu, maana sikuwa na njia nyingine ya kuwaza. Mke wangu hakuwa mwizi wala mwuaji. Alikuwa mtu wa utaratibu. Darasa lilikuwa halina shahidi, na mtoto wake alisema Mama angetoa. Alikuwa anatoa. Tatizo ni kwamba hakuwa tena na mkono wake wa kutoa, akachukua ulio karibu naye kuliko yote. Hakujua anachukua nini. Au alijua, na kazi ilikuwa imemzidi nguvu, maana tyubu moja ndogo peke yake haimmalizi mtu damu. Hilo la pili ndilo lililonitia hofu.

Nilikaa kwenye kiti cha dirishani. Nilikunja mkono wa shati. Niliweka mpira mezani, sindano, tyubu tupu, pamba.

“Mwenzangu,” nilisema.

Nilinyoosha mkono juu ya meza.

“Mwache mtoto. Huyu hana ya kutosha. Toa kwangu.”

Hakuna kilichotokea. Nje walicheka.

“Chukua kwangu,” nilisema. “Kila utakapohitaji. Lakini mtoto mwache.”

Kelele za nje zilikatika. Hazikupungua, zilikatika, kama mtu amefunga redio. Niliwaona wanafunzi dirishani. Midomo yao ilikuwa inasogea.

Mpira ulisogea mezani.

Nilitazama. Sikupepesa. Uliinuka upande mmoja. Ukapita chini ya mkono wangu. Ulikuwa baridi. Ukakaza. Ncha yake moja ilivutika juu na kusimama pale, imenyooka, mahali ambapo meno ya mtu aliyeinama yangekuwa.

Niliisikia pumzi. Ilinigusa kwenye ngozi ya kiwiko.

Kisha vidole. Viwili. Viligonga mshipa wangu, taratibu, mara moja, mara ya pili. Vilikuwa vinatafuta. Vilisita. Nilijua kwa nini vinasita. Mshipa huu haukuwa ule viliouzoea.

“Ni mimi,” nilinong’ona.

Vidole vilitulia. Vilikaa pale. Vilinishika mkono, si kama mtoa damu, na nilitamani kufumba macho, nikaogopa kufumba. Kwa sababu vilikuwa vinakaza. Vilikuwa vinakaza zaidi ya inavyohitajika. Kucha ziliingia. Nilihisi kwamba kilichokuwa kimenishika kilinitambua, na kwamba kilikuwa na njaa, na kwamba mambo hayo mawili hayakupingana.

Sikuiona sindano ikiingia. Sikuihisi. Niliona tu tyubu ikijaa.

Ilifika kwenye alama. Ikasimama.

Mpira ulilegea. Sauti za nje zikarudi zote kwa pamoja, na mtu akagonga mlango. “Mwalimu, kipindi kimeanza. Mwalimu?”

Kwenye kiwiko changu hapakuwa na plasta. Palikuwa na vidole vyangu mwenyewe vimebonyeza pamba. Sikumbuki kuishika. Niliibonyeza mpaka nikajiambia basi.

Kesho yake Bwana Funguo hakuja, wala hakurudi tena kazini. Alituma mjukuu wake kufuata stahili zake. Nilifungua mlango mimi. Kibao cha dirishani kilikuwa kitupu. Siku iliyofuata pia. Hospitalini daktari alisema damu ya binti yangu imekaa, kisha imepanda, na kwamba hakupenda magonjwa yanayopona bila kuaga. Nikamwambia hata mimi sipendi. Shemeji yangu aliangua kilio palepale wodini.

Binti yangu alirudi darasani akiwa na rangi yake. Wenzake walimshangilia. Profesa alimwambia, “Karibu tena, tulikuwa tumebaki na wanyama na Mwalimu,” nami nikajifanya sikusikia.

Damu ya kiwandani ilikuwa imefika. Sikuhitaji tena shahidi mwingine. Ile tyubu yangu niliiweka nyuma kabisa ya friji. Sikuweza kuimwaga, wala sikuwa na sababu ambayo ningeweza kuiandika. Mchana mmoja, tukisafisha wawili tu, binti yangu aliikuta.

“Baba, hii haina jina. Ya nani?”

“Yangu.”

“Umefundisha wewe mwenyewe kwamba tyubu haijazwi kupita alama.” Aliinyanyua kwenye mwanga. Damu ilikuwa imekaribia kifuniko.

Nilijua ilipoishia nilipoiweka.

“Hebu niipime kundi,” alisema, “nione kama kulazwa kumenisahaulisha.” Alikuwa na furaha. Alitaka kunionyesha amepona. Aliweka matone mawili kwenye kigae cheupe, akaongeza dawa inayoshikamanisha chembe za kundi husika, kwa la kwanza ya kundi A, kwa la pili ya kundi B, akayakoroga kwa kijiti. Akasubiri. Uso wake ukabadilika, akayarudia yote upya kwa uangalifu.

“Baba, wewe ni A.”

“Ndiyo.”

“Huku nusu imeshikana, nusu imebaki. Na huku vilevile. Si mtu mmoja huyu. Ni A na B, watu wawili kwenye tyubu moja.” Alikuwa amenong’ona, ingawa hapakuwa na mtu. “Lakini haiwezekani. Damu hizo zikikutana zinashikana mabongemabonge humohumo ndani. Ndilo jambo la kwanza mnalotuonyesha.”

Alitengeneza slaidi. Alivuta damu juu ya kioo kwa mwendo mmoja, ikatandaa nyembamba, ikaisha kama ncha ya unyoya. Akainamia hadubini. Alikaa hapo kwa muda mrefu, akisogeza slaidi kidogokidogo kwa kidole.

“Mama alikuwa kundi gani?” aliuliza, jicho likiwa bado kwenye kioo.

Nilimwambia sikumbuki.

“Hazijashikana,” alisema. “Zimelala ubavu kwa ubavu, Baba. Kama zinajuana.”